Jani Moja la Sale

Kaeni vizuri, na mwenye simu ailaze kifudifudi. Hii si hadithi ya kusinzilia. Ni kesi, tena kesi iliyowashinda watu wenye vyeti vya kujaza begi, na leo imeletwa kwenu nyinyi ambao wengine darasa la saba mliliona kupitia dirishani. Leo itajulikana nani ana kichwa na nani ana mahali pa kuwekea kofia.

Palikuwa na ofisi mjini Moshi, ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro. Mlangoni pameandikwa Washauri wa Maendeleo ya Miji. Ukiingia, ukutani unakuta picha tatu kwenye fremu, na chini ya kila picha wasifu wa mwenyewe: huyu mpanga miji, huyu mpima ardhi, huyu mtaalamu wa masuala ya jamii. Tai, miwani, tabasamu la studio. Bosi wao aliziandika sifa hizo kwa mkono wake, na kwa kila mtu akaacha mstari mmoja kwa makusudi, eti usije ukawatia aibu mbele ya wateja. Hiyo mistari mitatu iliyoachwa ndiyo hadithi yenyewe.

Mpanga miji aliitwa Sikudhani. Kabla ya kwenda chuo alikuwa fundi cherehani sokoni Korogwe kwa miaka tisa. Kipaji chake kilikuwa mkasi. Kitambaa ambacho mafundi wenzake wamekirudisha kwa mwenyewe kwamba hakitoshi, yeye anakigeuza huku na huku, gauni linatoka, na kilemba juu yake.

Kasiani, mpima ardhi, mtu wa Songea, alikuwa refa wa ligi ya mkoa. Kipaji chake kilikuwa jicho. Mpira ukivuka chokaa kwa unene wa ukucha, ameuona. Na akishapuliza amepuliza. Hata mama yake mzazi alie uwanjani, uamuzi haugeuki. Ofisini walimwita Refa, na filimbi bado aliivaa shingoni, ndani ya shati.

Bi Nakijwa, Mpare wa Usangi, alikuwa mkunga hospitalini pale Moshi kwa miaka thelathini na moja kabla ya kuwa mtaalamu wa jamii. Kipaji chake kilikuwa mlango. Anabisha, anaingia, anaanza kukuoshea vyombo, na kabla hujamuuliza yeye ni nani umeshamsimulia ugomvi wako na wifi yako.

Basi. Mlimani, ng'ambo ya korongo, kuna mtaa unaitwa Kwamiguu. Jina halina siri: hapakuwa na namna nyingine ya kufika. Zamani palikuwa vihamba vya migomba. Vikagawanywa kwa watoto, watoto wakawagawia watoto wao, mpaka nyumba zikabanana, mtu akipiga chafya huku anaitikiwa kule. Mgonjwa alishushwa juu ya kiti, kimebebwa na wanaume wanne. Wengine walifika hospitali. Wengine walifia njiani, kama Ndeanasia, mke wa Mzee Aminiel Mtui, aliyekata roho pale kwenye jiwe la kupumzikia, uchungu wa mtoto wa tano ukiwa umemshika.

Halmashauri ikatoa neno: mtaa usio na barabara ya kupitisha gari la wagonjwa hautapewa hati. Na wenye mtaa nao wakatoa lao: barabara tunaitaka, ila isivunjwe nyumba hata moja. Kampuni mbili zilikuwa zimeshapanda mlima ule na kushuka mikono mitupu. Kazi ikaangukia ofisi ya juu ya magodoro.

Alianza Bi Nakijwa. Kwamiguu walikuwa hawamfungulii mtu mwenye kitambulisho shingoni; waliokuja kabla walipiga picha, na baada ya picha zikafuata alama nyekundu za kubomoa. Bi Nakijwa akaacha kitambulisho ofisini, akapanda na kanga yake. Nusu ya vijana wa mtaa ule walikuwa wameingia duniani kupitia mikono yake, na hakuona haya kuwakumbusha. Kijana mmoja mwenye ndevu alipokataa kutoa ardhi, akamwambia mbele ya mchumba wake kwamba na siku ile alikataa vivyo hivyo, akatanguliza miguu. Kijana akasaini. Kwa miezi minne kila kaya ikakubali kutoa kitu: huyu jiko, huyu banda la kuku, huyu hatua mbili za ua. Mzee Mtui, mgane, ndiye aliyesaini wa kwanza, tena akatoa hatua nne, kuliko yeyote.

Akafuata Sikudhani. Alitandika picha ya angani mezani, paa kwa paa, na barabara haikupita. Siku tisa haikupita. Siku ya kumi akakumbuka kola. Ukitaka kuzungusha kitambaa shingoni bila kujikunja, hukikati wima, unakikata mshazari. Akakata ukanda wa karatasi, akaulaza juu ya ramani, akaukunja taratibu kufuata mwinamo wa mlima. Ukapita. Uligusa kila mtu kidogo na haukuvunja nyumba ya mtu. Alikaa chini pale pale akacheka peke yake.

Akamaliza Refa. Ramani ni karatasi. Mlimani kuna mawe, mbwa, na watu ambao jana wamesaini na leo wamesahau. Refa aliweka bikoni, yale mawe ya kupimia mpaka, mia moja na sita kwa wiki tatu, mvua ikimnyeshea. Penye ugomvi alipuliza filimbi, akanyoosha mkono, basi. Karibu na kwa Mzee Mtui akagundua hatari: jirani alikuwa ameongeza chumba cha watoto baada ya ile picha kupigwa. Barabara ikipita ilivyochorwa, kona ya chumba inaanguka. Akasogeza mstari hatua moja upande wa mzee. Nyumba ikapona.

Greda likapanda. Moramu ikamwagwa, ikashindiliwa. Wiki ile ile binti mmoja akashikwa na uchungu mchana, gari likamfuata mpaka mlangoni, na jioni ujumbe ukarudi kwamba ni mapacha, wazima wote. Mtaa mzima ulitoka barabarani kusimama tu, kama watu waliojengewa sebule.

Mwenyekiti wa mtaa, Bi Haikaeli, akaitisha mkutano. Barabara lazima iwe na jina, nguzo ya kibao ilikuwa imeshachimbiwa pale chini, na wananchi walikuwa wameamua: iitwe kwa jina la aliyeileta. Mmoja. Kibao hakina nafasi ya ukoo mzima.

Hapo ndipo mnapowajua wasomi. Wiki nzima ofisini hakuna aliyenywa chai na mwenzake. Refa alisema bila bikoni zake ile ramani ingefungiwa maandazi. Bi Nakijwa akajibu kwamba bila saini zake Refa angepigwa mawe na filimbi yake mdomoni. Sikudhani hakusema sana, lakini yeye ndiye aliyekuwa akilitaka jina lile kuliko wote. Miaka sita ofisini humo, kila akikosea mstari kuna mtu anauliza kama cherehani imekwama. Alikuwa ameshapanga: kibao kikisimama atapiga picha, atampelekea mama yake Korogwe, na ile picha ya ukutani ataiteremsha aandike mwenyewe mstari uliokosekana.

Sasa, Mzee Mtui hakuwapo siku zote za greda. Alikuwa Arusha kwa mwanawe, akitolewa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alirudi siku moja kabla ya mkutano, na bajaji ikampandisha mpaka mlangoni kwake, kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Dereva anasema mzee alikuwa akicheka njia nzima kama bwana harusi. Alishuka, akamshukuru, akaangalia nyumba yake kwa macho mapya. Kisha akaangalia ubavuni mwa nyumba, akakaa chini kwenye moramu.

Kwa msiotoka upande huo: sale ni mmea wa majani marefu ya kijani, na kwa Wachaga una kazi zake. Unapandwa mpakani. Unapandwa kaburini. Na mtu akikukosea, akaja na jani lake mkononi, humfukuzi. Unakaa naye, mnamaliza. Ubavuni mwa nyumba ya Mzee Mtui yalikuwapo masale sita, safu moja. Chini yake alilala Ndeanasia. Mzee alitoa hatua nne kwa sababu ya tano ilikuwa yake yeye na mkewe. Barabara ilichukua tano, na kaburi likabaki chini ya moramu. Na yale masale hayakutupwa, yalikuwa yamehamishwa kwa adabu zote na kupandwa upya kandokando ya barabara, safu iliyonyooka sawasawa.

Kesho yake, siku ya mkutano, habari ilishuka mlimani kabla ya saa nne asubuhi. Sikudhani akaichukua ripoti kabatini. Ofisini kwao kila mmoja aliandika sehemu yake, zikaunganishwa kwa waya, na kati ya sehemu na sehemu palikuwa na karatasi ya rangi. Hakuna aliyevuka karatasi ya rangi ya mwenzake. Waliita heshima. Siku ile Sikudhani akaivuka ya bluu, na kwenye ukurasa wa arobaini na moja akakuta mwandiko wa Bi Nakijwa: kaya ya 88, mgane, ametoa hatua nne, ubavuni pana masale ya marehemu mkewe, pasiguswe.

Akamsogezea. Bi Nakijwa aliusoma kama umeandikwa na mtu mwingine. Mwanamke aliyezungumza na kaya mia mbili na kumi na nne alikuwa ameshindwa kuvuka chumba kimoja aseme neno hilo kwa mdomo.

Refa aliinamisha kichwa. Alikuwa ameyaona masale, akayahesabu kuwa ni mpaka, maana ndivyo alivyoelezwa siku ya kwanza, sale ni mpaka. Kibarua mmoja alianza kusema kitu, lakini filimbi ilikuwa imeshalia.

Na Sikudhani alifungua ramani yake mwenyewe. Pale ubavuni palikuwa na doa dogo la kijani. Alikuwa ameliona, akasema shina la mgomba. Lakini si doa lililomuumiza. Aliangalia ule ukanda wake ulivyopita, umebana nyumba na nyumba, haukuacha hata hatua moja. Fundi wa Korogwe, anayejua kwamba mwili unanenepa na nyumba inaongezwa chumba, anayeacha ziada kwenye kila mshono hata wa sare ya shule, hakuacha ziada. Alitaka gauni litoke na kilemba kibaki.

Mkutano ulikuwa saa tisa alasiri. Mzee Mtui alikuja amevaa koti, mkononi ana jani moja la sale. Akaliweka mezani mbele ya mwenyekiti, karibu na karatasi ya kuandikia jina.

"Nimelileta mwenyewe," alisema, "maana nyinyi wageni mngeweza kuniletea mchicha."

Watu wakacheka.

"Barabara ni nzuri. Ingekuwapo mapema, mke wangu, mama Eliya, angekuwa amekaa hapa ananikatiza maneno. Msiichimbe, msimsumbue. Lakini aliyeileta barabara ndiye aliyeipitisha pale. Basi atakayeandikwa kwenye kibao ndiye achukue jani hili aje kwangu, mmoja, tukae. Watu watatu wakija ni ujumbe wa ofisi. Mimi na ofisi hatujagombana."

Wale watatu wakatazamana. Jana kila mmoja alikuwa na sababu kumi za kustahili jina, na sasa sababu zile zile zilikuwa mashtaka yake. Refa ndiye aliyetangulia kusimama. Akasema mstari aliusogeza yeye, kwa mkono wake, jani ni lake. Bi Nakijwa akamwambia kaa chini mwanangu, wewe hukuambiwa. Aliyeambiwa na mzee kwa mdomo wake, alisema, ni yeye. Sikudhani akasimama mwisho.

"Baba, mimi ndiye niliyeikata. Wao walishona nilipokata mimi."

Mzee aliwasikiliza wote. Hakukasirika, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Mnaona?" alimwambia mwenyekiti. "Nimeomba mmoja, wamesimama watatu. Nitakaa na nani?"

Mkutano ukagawanyika. Kina mama wakamtaka Bi Nakijwa, vijana Refa, wengine Sikudhani, na kelele zikawa nyingi mpaka Bi Haikaeli akafunga kikao. Jani akalitia kwenye glasi ya maji, juu ya meza ya ofisi ya mtaa. Liko pale mpaka leo. Nguzo nayo iko pale chini, haina kibao, na gari la wagonjwa hupita mara mbili tatu kwa wiki, likifika kwa Mzee Mtui dereva anapunguza mwendo. Kila Jumamosi Sikudhani hupanda kwa miguu, akisingizia kukagua mfereji. Hufika kwenye safu ya masale, hutazama mlango wa mzee, na hana kitu mkononi, maana jani bado si lake. Hushuka.

Mzee ana miaka themanini na mbili. Sale halikauki upesi, lakini ncha ya jani imeshaanza kuwa ya njano.

Haya, wajuzi. Wewe uliyekuwa ukitingisha kichwa tangu mwanzo, anza. Aliyeambiwa akaandika badala ya kusema, aliyekata bila kuacha ziada, au aliyesogeza mstari akaokoa chumba cha watoto? Bila yeyote kati yao barabara isingekuwapo, na bila yeyote kati yao Ndeanasia angekuwa amelala chini ya majani yake. Jina ni moja na jani ni moja. Unampa nani?