Mbuzimawe wa Mwisho

Hapo zamani, wala si zamani ya babu zenu, ni zamani ya juzi tu, kulikuwa na kiwanda kidogo cha magari chini ya milima ya Usambara. Jina la mji nalihifadhi, maana wenyewe bado wana machungu nami sitaki kusutwa. Sogeeni basi. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, kwa sababu mwishoni nitawauliza swali, na atakayesema hakusikia vizuri nitajua anakwepa.

Kiwanda kile kilitengeneza gari la aina moja tu, likiitwa Mbuzimawe. Mnamjua mbuzimawe? Yule mnyama mdogo anayesimama juu ya jabali kwa ncha za kwato, akamtazama chui aliye chini kwa dharau. Basi na gari lilikuwa hivyo hivyo: fupi, gumu, lina kelele, si gari la kumtongozea mtu, lakini likiona kilima linapanda. Mvua inyeshe, linapanda. Utelezi uwe utelezi, linapanda. Mwenye nalo hakusema "gari langu". Alisema "Mbuzimawe wangu", kama mtu anayesema juu ya kiumbe.

Na palikuwa na desturi. Aliyefunga injini alichukua nyundo na patasi akachonga jina lake kwenye kibamba cha chuma chini ya boneti. Mbaruku akachonga Mbaruku. Shundi akachonga Shundi. Sasa Mbuzimawe wawili wakikutana barabarani, hata kama mmoja anawahi maziko, walisimama. Madereva wakashuka, wakafungua boneti, wakasomana.

"Wako wa nani?"

"Wangu wa Mbaruku."

"Shikamoo Mbaruku!"

Hapo ndipo walipoulizana habari za nyumbani. Magari mengine yanapiga honi nyuma, wao hawana habari. Walikuwa na chama, na chama kilikutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi uwanjani mbele ya geti la kiwanda, boneti zote juu, supu inachemka. Tulikuwa karibu mia mbili. Nasema tulikuwa, kwa sababu na mimi nilikuwamo. Wangu alikuwa wa Shundi.

Siku moja habari ikaingia: Kampuni Kubwa ya ng'ambo, ile ambayo magari yake yamezagaa kila mahali kama kumbikumbi baada ya mvua, imekinunua kiwanda chetu. Mkataba unaanza kazi Jumamosi, saa sita mchana.

Jumamosi hiyo uwanja ulifurika. Mzee mmoja alijifungia ndani ya gari lake, vioo juu, akawa analia peke yake. Wengine walitukana mpaka matusi yakawaishia. Mmoja akajipa moyo, akasema, "Heri, sasa spea zitapatikana." Akajibiwa, "Spea gani? Watachukua jina walibandike kwenye sanduku lao la bati, kisha watuuzie." Mwingine akasema mdogo akichukuliwa na mkubwa hupata nguvu. Akaulizwa kama amewahi kumwona kuku aliyenenepa tumboni mwa chatu. Tukacheka kidogo, kicheko cha msibani.

Mara geti likafunguka. Akatoka Bi Mwanahawa Shembilu, binti wa yule aliyekianzisha kiwanda, mama wa miaka sitini mwenye makovu ya kuchomelea mpaka kwenye viwiko. Aliendesha Mbuzimawe mpya, wa kijani, asiye na namba. Akamzima, akashuka, akasimama na ufunguo mkononi.

"Hamjambo, ndugu zangu," alisema. "Huyu ndiye wa mwisho. Nimemfunga mwenyewe, toka injini mpaka taa. Kwenye mkataba wamekubali nimpe mtu ninayemtaka, lakini kabla ya saa sita. Saa sita ikimkuta hana mwenyewe, anabaki na kiwanda, na wameshaniambia watamfungua vipande vipande wamchunguze, kisha aende kwenye chuma chakavu. Nataka nimpe aliyempenda Mbuzimawe kuliko wote. Anayejijua aseme."

Saa tano ilikuwa imeshapita.

Akatoka Mwalimu Ndesario, mwenyekiti wa chama, mstaafu, kofia kichwani na shati limepigwa pasi. Akasema:

"Bi Mwanahawa, mimi nina Mbuzimawe mmoja kwa miaka thelathini na mmoja. Nilikwenda naye kanisani kuoa. Wanangu watano niliwaleta naye kutoka hospitali. Mke wangu nilimpeleka naye makaburini, kwa sababu aliniambia hataki gari jingine. Sijawahi kushika usukani mwingine. Chama hiki nilikianzisha mimi. Sheria ya kusomana niliiweka mimi. Kama si mimi, Mbuzimawe angekuwa gari tu. Basi ufunguo ni wangu."

Watu wakasema, "Kweli!"

Akatoka Fundi Mhando wa gereji ya kule mtoni, ovaroli imekauka kwa grisi.

"Mwalimu, hao watoto watano ungewabeba mgongoni kama si mimi," alisema, watu wakacheka. "Bi Mwanahawa, mimi sina Mbuzimawe. Sijawahi kuwa naye. Lakini hapa uwanjani hakuna hata mmoja ambaye sijalala chini yake. Spea ziliadimika, nikachonga. Kabureta ya pikipiki nikaibembeleza ikakubali. Klachi ya trekta nikaikata ikakaa. Waliotakiwa kufa miaka kumi iliyopita, leo wanakwenda sokoni na kurudi. Hawa wanapenda kwa mdomo, mimi napenda kwa kucha. Tazama kucha zangu. Kama si mimi, leo hapa mngekuja kwa miguu. Basi ufunguo ni wangu."

Watu wakasema, "Kweli!" Tena kwa sauti zaidi, maana nani angemuudhi fundi wake?

Ndipo ikasikika sauti kutoka nyuma. "Na mimi ninalo la kusema."

Alikuwa Nesi Veneranda, mkunga wa kituo cha afya. Gari lake alikuwa ameliegesha ng'ambo ya barabara, kwa sababu lilikuwa gari la Kampuni Kubwa, na aliona haya kuliingiza uwanjani. Watu wakampisha, lakini si kwa heshima. Wengine walifyonza.

Hapa lazima nisimame niwaeleze jambo, na sipendi kulieleza.

Miaka mitatu kabla ya hapo kiwanda kilitoa Mbuzimawe wa toleo jipya. Kelele zimepungua, mafuta anakunywa kidogo, kilima ni kile kile. Ila chini ya boneti hapakuwa na jina. Veneranda alimnunua wiki ya kwanza. Jumamosi ya chama akaja amevaa kitenge kipya kama anakwenda harusini, akaegesha katikati yetu, akafungua boneti, akasubiri tumsalimie. Mwalimu akainama, akatafuta, akainuka. Akasema, "Hana jina. Tutamsalimiaje?" Kisha akaenda kwake akafunga boneti. Na jirani yake akafunga. Na jirani wa jirani. Uwanja mzima, pa, pa, pa. Na mimi nilifunga yangu. Nilijiona mtu wa msimamo. Mungu anisamehe, maana nililala usingizi mzuri kabisa siku ile.

Mwezi wa pili alikuja tena, tukafunga tena. Mwezi wa tatu hakuja. Tukasikia amemuuza. Na katika sisi karibu mia mbili, hakuna mwingine aliyemnunua mpya. Hata mmoja.

Sasa alisimama mbele yetu. "Shikamoo Bi Mwanahawa. Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba," alijibu Mwalimu, kwa sauti ndogo.

"Mimi nilimnunua mpya," alisema Veneranda. "Chama kizima, ni mimi peke yangu. Nilipanda naye milimani usiku na mchana kuwafuata akina mama wenye uchungu. Watoto wawili wamezaliwa kiti cha nyuma, na mmoja wanamwita Mbuzi mpaka leo, mama yake anakasirika. Hakuwahi kunikwamisha. Nilikuja kuwaonyesha, mkanifungia boneti. Kama nyote mngefanya kama mimi, leo hapa tungekuwa tunakunywa supu. Basi ufunguo ni wangu."

Safari hii hakuna aliyesema, "Kweli!" Ilikuwa kweli, lakini ilitushtaki sisi wenyewe.

Bi Mwanahawa alimgeukia Mwalimu kwanza.

"Mwalimu, ni kweli ulimpenda. Lakini ulimpenda yule mmoja tu. Miaka thelathini na mmoja hujaingia getini kwangu kununua hata kioo cha pembeni. Na siku ya boneti, neno lako ndilo lililofunga zote."

Akamgeukia Fundi. "Mhando, ni kweli uliwaponya. Lakini kila uliyemponya, mwenye gari hakuja tena kwangu kununua jipya. Mara ngapi nilikuita uje ufanye kazi kiwandani, utusaidie tutengeneze spea hizo hizo? Ulinijibu gereji ni yako na hutaki bosi, tena mwanamke."

Fundi akatazama kucha zake.

"Veneranda, mwanangu. Ni kweli ulimnunua. Lakini ulimuuza kwa sababu ya macho ya watu, ukaenda kununua kwa hao hao walionimeza. Alikukosea nini?"

"Hakunikosea," alisema Veneranda, na machozi yakamtoka waziwazi. "Nilishindwa kuwa peke yangu."

"Na mimi ninalo langu," alisema Bi Mwanahawa. "Gari jipya lilipita mikono ya watu arobaini. Nikaona kuchonga jina la mmoja ni uongo, nikaacha. Sikumuuliza mtu. Niliposikia mmefunga boneti nilijua sababu, maana habari hazifichiki. Ningetoka na nyundo na patasi nikachonga majina arobaini, kazi ya asubuhi moja. Sikutoka. Nikasema, hawa walevi wa vibamba, watakuja wenyewe. Nikawasubiri miaka mitatu."

"Kwa nini hukutuambia?" Mwalimu aliuliza, kofia iko mkononi sasa.

"Kwa nini hamkuuliza?"

Nawaambia, nimezika wazazi wote wawili, lakini sijawahi kujuta kama nilivyojuta dakika ile. Tulikuja pale kuilaani Kampuni Kubwa. Tulikuwa tumeandaa na mabango. Na Kampuni Kubwa ilikuwa imekuja kuokota tu kitu tulichokiangusha wenyewe.

Kisha Mwalimu akasema jambo lililotushangaza. "Mpe Veneranda. Mimi nimekosa."

Veneranda akatikisa kichwa. "Unanipa leo, Mwalimu, kwa kuwa hakuna mwingine tena? Mtamsalimia kwa sababu ukoo wake umekufa? Siombi huruma yako. Nataka anipe kwa haki yangu, au asinipe."

Fundi Mhando akakohoa. "Semeni mtakavyo, lakini fikirini. Kuanzia leo kiwanda hakuna, spea hakuna. Huyu akienda kwa Nesi, milima ile itamchosha, na mwaka wa pili ataletwa kwangu. Akienda kwa Mwalimu atafunikwa turubai, na panya wakila nyaya ataletwa kwangu. Pasipo mimi huyu ni sanamu. Nimekosa, sikatai. Lakini nani mwingine atamweka hai?"

"Turubai afadhali," alijibu Mwalimu, na moto wake wa zamani ukarudi. "Wewe utamtia klachi ya trekta, kesho hatutajua ni mnyama gani. Mimi nikimtunza, mjukuu wa mtu atakuja amwone jinsi alivyotoka kiwandani. Nimesema apewe Veneranda, mwenyewe amekataa. Basi bado nipo."

"Amwone amelala?" aliuliza Veneranda. "Huyu ni wa kupanda kilima, Mwalimu. Sasa hivi kule juu kuna mama anatembea kwa miguu na tumbo lake."

Wakaanza kusema wote watatu kwa pamoja. Saa sita kasorobo, mlango wa ofisi ukafunguka. Wakatoka watu wawili wa Kampuni Kubwa, wamevaa vizuri, wana adabu, mmoja ameshika faili. Hawakuharakisha. Walisimama kivulini, mmoja akatazama saa yake, kisha akamtazama Mbuzimawe wa kijani kuanzia taa mpaka matairi, kwa jicho la fundi seremala anayechagua mbao.

Bi Mwanahawa akaunyanyua ufunguo.

Sasa mimi najua alichofanya, maana nilikuwa hatua kumi kutoka pale. Lakini sisemi. Nimewahi kusema mara moja kwenye harusi, na harusi ikavunjika nusu, bwana harusi upande huu, wakwe upande ule. Wako wanaosema Mwalimu, kwa kuwa hakumwacha wake hata siku moja. Wako wanaosema Fundi, kwa kuwa mapenzi bila kazi ni maneno. Wako wanaosema Nesi, kwa kuwa ndiye peke yake aliyempokea alipokuwa mgeni. Na alikuwapo bibi mmoja aliyesema hakuna hata mmoja, bora angewaachia wale wenye faili wamfungue vipande vipande, tujifunze.

Msinitazame mimi. Mimi ni yule aliyefunga boneti. Ninyi mmekuja na mikono misafi, kwa hiyo shikeni ufunguo: dakika ni chache, wenye faili wanasogea, na wote watatu wamenyoosha mkono. Je, ungemwekea nani kiganjani, na wale wawili ungewaambia nini?