Kikapu cha Mghoi

Hapo zamani, kabla barabara ya lami haijapanda milima ya Taita, aliishi mzee Mwakio na mkewe Mghoi. Mghoi alikuwa na mmea mlangoni, ndani ya chungu kilichovunjika mdomo. Majani yake yalikuwa manene, yamejaa maji, yamepangika duara juu ya duara kama waridi lililofumbuka. Uliwahi kutoa ua mara moja tu, mwaka walipooana. Kikonyo chembamba kilichomoza, kikainamisha shingo, kikaning'iniza vikengele vya rangi ya machungwa. Mwakio hakusahau.

Mghoi akafariki. Binti zao walikuwa watatu, na kila mmoja alikitaka kikapu cha mwisho alichosuka mama yao, kwa kuwa ndani yake bado mlinukia ugoro wake. Mzee akakizuia. Akasema, "Atakayenionyesha ua lile tena, kikapu ni chake."

Lakini mwenyewe ndiye aliyekaribia kuumaliza mmea. Asubuhi aliumwagilia, jioni aliumwagilia, maana ndizo saa alizozungumza na Mghoi. Alimweleza habari za mvua, za mahindi, za goti linalomuuma. Maji hayo yakauozesha mmea kuanzia chini.

Mkawasi, binti mkubwa, alipokuja kumsalimu aliubonyeza, akakuta shina limelainika na kuwa jeusi. Mzee akamsihi auache. Mkawasi hakumsikiliza. Alichukua kisu, akakata, akatupa. Akakata, akatupa, mpaka likabaki jani moja lisilo na doa. Mzee hakumsemesha hadi mavuno yalipokwisha.

Jani likachukuliwa na Wakesho, wa pili, aliyekuwa akiishi na baba. Akalilaza juu ya mchanga mkavu dirishani. Baba akitaka kulimwagilia, anamzuia. Akitaka tena, anamzuia tena. Jani likasinyaa, likatoa mizizi kama nywele, kisha waridi dogo la majani, kama kifungo cha shati. Baridi ikizidi aliliingiza ndani, jua likitoka alilitoa nje. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mchumba wake wa Mwatate alimngoja, akachoka, akaoa kwingine, kwa maana Wakesho hakuwa na wa kumwachia mzee na waridi lake.

Mwaka wa nne kikonyo kikachomoza. Lakini macho ya Mwakio yalikuwa yameshaingia ukungu mzito. Wakesho alipomwambia ua limetoka, aligeukia ukuta.

"Limechelewa," alisema.

Ndipo Mshai, kitindamimba, akapanda kutoka Voi, mtoto mgongoni. Yeye hakuwa ameugusa mmea ule hata siku moja. Alimtoa baba nje, akamshika kidole, akakipitisha polepole juu ya kikonyo, kengele moja baada ya nyingine. Alimweleza rangi ya kila moja, ipi imefunguka, ipi bado. Alimuuliza mama alivaa nini mwaka ule, alisimama wapi, alicheka vipi. Kesho yake akarudia, na kesho kutwa, hadi siku ya saba. Siku hiyo machozi yakamtiririka mzee.

"Nimeliona," alisema. "Na yeye nimemwona, amesimama kando yake."

Jioni ile binti watatu wakaketi mbele yake.

Mkawasi akasema, "Baba, bila kisu changu mmea wote ungeoza. Na hasira yako niliibeba peke yangu."

Wakesho akasema, "Dada aliacha jani. Mimi ndiye niliyelifanya likawa mmea, na ujana wangu ukaishia pale dirishani."

Mshai akasema, "Ua lilikuwa limeshatoka, Baba, nawe umegeukia ukuta. Ulisema atakayekuonyesha. Aliyekuonyesha ni mimi."

Mwakio alikuwa amekipakata kikapu, vidole vyake vikifuata msuko wa Mghoi, ukili kwa ukili. Moyoni alitamani asimpe yeyote, abaki nacho mpaka naye amfuate mkewe. Lakini ahadi alikuwa ameshaitoa, na wote watatu waliisikia.

Haya, ninyi mliokaa nami tangu mwanzo, mzee haoni na anawasikiliza ninyi. Kikapu ni kimoja, hakikatwi. Je, nani alistahili kupewa?