Bwawa Lililolindwa Likiwa Tupu

Paukwa!

Pakawa.

Kale sana, kabla bibi zenu hawajaota meno, kilikuwapo kijiji bondeni, na juu yake bwawa la udongo. Bwawa tupu. Kiangazi tupu, kipupwe tupu. Lilijengwa baada ya mafuriko kuchukua watu kumi na wanne, mmoja wao Bi Mwanakheri, mke wa Mzee Ngwali. Kazi ya bwawa ilikuwa moja: mvua kubwa ikishuka mlimani, liipokee, liishike, kisha liiachie kidogo kidogo, chururu, chururu. Mzee Ngwali ndiye aliyelinda mlango wa maji. Watu walimcheka kwamba analinda shimo. Yeye aliwajibu kwamba analinda nafasi.

Akaja Jumbe mpya, Mwinchumu. Shimo lilimtia aibu mbele ya wageni. Akaufunga mlango. Maji yakajaa, bata wakaja, perege wakaja, na wasifiaji wakaja.

Siku moja Mzee Ngwali akaona unyevu chini ya ukuta. Akakinga kwa kata ya kifuu: maji maangavu. Siku ya tatu akakinga tena: mekundu kama ukuta wenyewe. Akajua ukuta unaliwa kwa ndani, na masika yamekaribia. Akaenda kusema barazani. Baraza likajadili asubuhi nzima, likaamua mahali pale paitwe Chemchemi ya Jumbe.

"Mzee wangu," Jumbe akamwambia kwa upole, "ukuta ni mzima. Kinachokusumbua ni huzuni."

"Huzuni ninayo, Jumbe. Lakini haitii maji rangi."

Kijiji kile kilikuwa na desturi: fundi akimaliza nyumba, mvua ya kwanza ikinyesha hukaa ndani yake yeye mwenyewe, ndipo aikabidhi. Mzee Ngwali akaomba desturi ifuatwe. Waliosema ukuta ni mzima wakae chini yake. Baraza halikuweza kukataa. Ila wingu la kwanza lilipotanda, wajumbe wote wa baraza waliugua: huyu tumbo, yule jino, na mmoja akafiwa na shangazi aliyezikwa mwaka juzi.

Jumbe akaketi chini ya ukuta kwenye kiti chake cha enzi, Mzee Ngwali kando yake. Mvua ikaanza, ndo, ndo, ndo. Miguuni pao tope likatoka, bwa, bwa, bwa, likafunika viatu vya Jumbe.

"Mzee," akauliza, "ule mlango hufunguliwaje?"

"Kwa watu wanne. Tuko wawili, basi tukaze mikono."

Wakakaza, mlango ukafunguka. Maji yakashuka kwenye mfereji wake siku tatu. Palipovuja pakachimbwa, pakashindiliwa upya kwa udongo wa kichuguu. Ndipo mvua kubwa ikaja, ikakuta nafasi.

Zikaimbwa nyimbo za kumsifu Jumbe, aliyevumbua bwawa tupu. Mzee Ngwali alishuka bondeni, akatazama moshi wa kila jiko. Mwaka ule hakuna mume aliyemtafuta mkewe matopeni.

Nanyi mnaonisikiliza, bwawa la mafuriko lisifiwe kwa nafasi iliyomo, si kwa bata wake. Na anayewaambia ukuta hauna hatari, msibishane naye. Mpeni kiti akae chini yake.

Hadithi yangu imefika ukingoni, na hapo ndipo ilipokoma.