Sala Nyumbani kwa Kanga

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa ya wakubwa na wadogo. Kaeni msikilize, na anayependa kusema ovyo akae karibu zaidi.

Hapo zamani za kale, ndege na wanyama walikuwa na jumuiya moja ya kusali. Kila wiki walisali nyumbani kwa mmoja wao. Na walikuwa na desturi: aliyefiwa haimbi na wenzake mpaka jumuiya ije isali kwake.

Kiangazi kimoja moto ulishuka mlimani. Vuuu, tatata, vuuu. Ukala nyasi, ukala kiota cha Kanga. Mayai tisa yakaungua. Miezi mitatu Kanga akakaa nje ya duara, mdomo ameufunga, naye alipenda kuimba kuliko wote.

Zamu yake ikafika. Akafagia, fya, fya, fya. Akapika uji wa ulezi. Wageni wakaja: Ngiri, Nguchiro, na Bibi Pimbi aliyekuwa mzee kuliko wote. Mwisho akaja mwenyekiti wa jumuiya, Hondohondo. Fuu, fuu, fuu. Akasimama mlangoni, akatazama kiota kipya, akasema:

"Mayai tisa, na mabawa unayo. Mama wa namna gani wewe? Ningekuwa mimi, ningeungua nayo."

Kanga akaweka upawa chini.

"Mwenyekiti anatania," akasema Ngiri.

"Ulimi umeteleza," akasema Nguchiro. "Mama Kanga, usiweke moyoni."

Sikieni hayo. Aliyeumizwa ndiye aliyeambiwa asiweke moyoni. Aliyeumiza hakuulizwa maneno yale ameyatoa wapi.

Hondohondo akacheka. "Mnanijua, mdomo wangu mkubwa. Lakini moyo wangu mweupe, Mungu anaujua. Haya, tufumbe macho. Ee Baba mwema..."

"Fumbua," akasema Bibi Pimbi.

"Bibi, tumeanza kusali."

"Hujaanza. Huyo unayemwita ndiye aliyemuumba huyu uliyemtukana. Maneno yale yalikuwa wapi kabla hujayasema?"

"Mdomoni tu, Bibi."

"Mdomoni yamepita. Nauliza yalikokuwa yanalala. Yamelala humo moyoni tangu lini?"

Hondohondo akageuza shingo huku, akageuza kule. "Tangu siku ya moto."

"Siku ya moto ulikuwa wapi?"

"Juu ya mvule."

"Juu ya mvule mlima wote unaonekana. Uliuona moshi?"

"Niliuona."

"Ukaita?"

"Nikaruka."

"Nauliza, ukaita?"

"Sikuita." Akainamisha mdomo wake mkubwa. "Kila nikimwona Kanga, nakumbuka. Nikajiambia kosa ni lake, nipate usingizi."

Kanga akamtazama. "Nilikuwa kisimani. Ungeita mara moja tu, ningewahi."

"Nisamehe, Mama Kanga."

"Nitamwomba Mungu anisaidie nikusamehe. Leo bado. Na sala ya nyumba hii hutaiongoza. Kaa pale nyuma, umwambie Mungu ulichokificha. Mdomo uache kwanza. Shughulika na moyo."

Hondohondo akaenda nyuma. Ngiri na Nguchiro wakatazama chini.

"Sasa nani atatuongoza?" akauliza Nguchiro.

Basi Kanga akaingia katikati ya duara, sala haijasaliwa, desturi haijamruhusu, akaanza kuimba. Che-kwaa, che-kwaa. Sauti ilikwaruza, ilikuwa na miezi mitatu ya kunyamaza. Bibi Pimbi akaitikia. Kisha Ngiri. Kisha wote.

Kwa hiyo msiniambie habari za ulimi kuteleza. Neno la kuumiza hutoka moyoni, na Mungu hulisikia likiwa bado humo. Anayemtukana mwenzake kisha akafumba macho, hajasali, amefumba macho tu. Akasafishe moyo, ndipo afungue mdomo.

Nilivyoipokea ndivyo nilivyoitoa, sikuongeza, sikupunguza. Hadithi yangu imekomea hapa.