Nta Ambayo Haikuandikwa

Haya, ndugu zangu, simu tuziweke mifukoni. Na wewe mama wa kwaya unayehesabu vitenge vya wenzako, nakuona, rudi kwetu. Leo nina habari ya pakiti ya unga. Ndiyo, pakiti ya unga! Msinikunjie nyuso. Hakuna aliyekuja hapa ambaye nyumbani kwake hakuna.

Kulikuwa na mama mmoja katika mji wa bara, kule wanakorina asali. Kazi yake ilikuwa kusaga unga wa lishe, anaupima kilo mbili mbili na kuufunga kwenye pakiti za karatasi ngumu. Mumewe alikuwa seremala, baba wa miraba minne, mlango wa mninga anaubeba peke yake begani. Siku moja akaamka, upande wa kulia haupo. Kiharusi. Akabaki na mkono mmoja, tena wa kushoto.

Sasa niambieni, ninyi wenye mikono miwili na mnaona ni kitu cha kawaida: mmewahi kufungua pakiti ya unga kwa mkono mmoja? Mkifika nyumbani jaribuni. Yule baba alikuwa anaibana pakiti kwa magoti, anaing'ata kwa meno, anavuta, anavuta, halafu pwaa! Unga kifuani, unga puani, unga kwenye nyusi. Mkewe anarudi kutoka mashineni anamkuta mweupe pe, amegeukia ukutani, hataki kutazamwa. Na hakuwa analilia unga, jamani. Mwanaume mzima alikuwa ameshindwa na karatasi, na alikuwa anaona aibu mpaka kwenye mifupa.

Kile kitu kikamuuma sana yule mama. Akasema, "Nitatengeneza pakiti ambayo mume wangu ataifungua mwenyewe, kwa heshima zake zote, na uji wake ataupika mwenyewe."

Mnafikiri ilikuwa rahisi? Thubutu! Akipaka gundi kidogo, pakiti inaachia yenyewe, unyevu unaingia, fukusi nao wanafanya harusi mle ndani. Akipaka gundi nyingi, hata mimi na ninyi tungeleta panga. Mwaka mzima na miezi yake alihangaika. Mwisho akalaza uzi wa pamba ndani ya mkunjo wa karatasi, chini ya gundi, mkia wa uzi ukachungulia nje pembeni. Wazo lilikuwa kwamba ukivuta mkia, uzi unaichana karatasi kwa ndani. Lakini uzi ukanasa kwenye gundi! Basi siku moja akaupitisha uzi kwenye nta ya nyuki iliyoyeyushwa, akauacha ukauke, akaulaza. Gundi haikuushika. Pakiti imejifunga imara, hapiti mdudu, haupiti unyevu. Akaiweka mezani mbele ya mumewe. Baba akashika mkia kwa ule mkono wa kushoto, akavuta. Chwaaa! Ikafunguka kama vile imekatwa na mkasi, na unga haukumwagika hata chembe.

Yule baba alilia machozi safari hii bila kugeukia ukutani.

Ofisa biashara wa wilaya alipoiona kazi ile alishika kichwa. Akamwambia, "Mama, kabla hujauza hata moja, nenda kaombe hataza." Hataza ni nini? Ni hati ya serikali ya kumlinda mvumbuzi, na ni kama makubaliano. Wewe unaueleza uvumbuzi wako wote kwa maandishi, bila kubakiza, ili siku moja kila mtu aweze kuusoma. Serikali nayo inakwambia, vizuri, kwa miaka kadhaa hakuna mwingine atakayeutengeneza bila ruhusa yako.

Yule mama alisikia hiyo nusu ya pili tu. Si ndivyo tulivyo? Ikisomwa ahadi tunaitikia kwa sauti. Likisomwa sharti, kanisa zima linakohoa.

Lakini msimlaumu upesi, alikuwa na kidonda chake. Miaka ya nyuma aligundua namna ya kukaanga karanga zisiuchachushe unga, akamwelekeza jirani wa ng'ambo ya barabara kwa moyo mweupe kabisa. Baada ya miezi miwili jirani ana bango, ana wateja, na salamu hataki. Kwa hiyo safari hii mama alijifunga kibwebwe. Akakaa mezani akaandika karatasi ya namna gani, mikunjo mingapi, gundi ya aina gani, uzi unakaa wapi. Alipofika kwenye nta, kalamu ikasimama. Akajiambia, "Nta? Hapana. Nta nabaki nayo mwenyewe." Akakunja karatasi, akapeleka.

Siku ikafika akaitwa kwa mkaguzi, kule wanakochunguza maombi ya hataza. Baba mmoja mwenye miwani, mpole, mtu asiye na haraka. Akaanza kumuuliza.

"Mama, mfuko wa mchele nao una uzi, ukiuvuta unafunguka. Wewe umeleta jipya lipi?"

Hapo mama alikuwa kwake! Akajibu, "Mzee wangu, mfuko wa mchele umeshonwa kwa sindano. Kila mshono una tundu, na kwenye tundu fukusi anapita akipiga mluzi. Wangu hauna tundu hata moja. Umefungwa na gundi tupu, na bado unafunguka kwa mkono mmoja."

Mkaguzi akacheka, akaandika. Akasema, "Nimetafuta kwenye kumbukumbu za nchi nyingi, sijaiona. Ni mpya. Na fundi wa kawaida asingeifikiria kirahisi. Hongera." Mama moyoni anapiga vigelegele.

Halafu mkaguzi akavuta droo, akatoa pakiti kumi, akazipanga mezani. Zote zimechanika ovyo ovyo.

"Sasa hapa ndipo penye shida. Nilimpa fundi wetu maandishi yako. Amefuata neno kwa neno. Mbili uzi umekatika. Nane uzi umeganda kwenye gundi, hautoki. Hakuna hata moja iliyofunguka."

Mama akaingiza mkono kwenye kikapu, akatoa ya kwake, akaiweka mezani, akavuta mkia. Chwaaa! "Na hii je?"

Mkaguzi akaishika, akaigeuza. "Hii ni nzuri sana, mama. Lakini mimi sikagui ulichobeba kwenye kikapu. Nakagua ulichoandika."

"Basi fundi wenu hajui kazi."

"Inawezekana. Au kuna kitu kinachojulikana na mama peke yake."

Mama anaangalia kidole chake cha gumba.

Mkaguzi akaendelea kwa upole, "Siwezi kukulinda kwa kitu ambacho hukukisema. Na kwenye maandishi haya huwezi kuchomeka jambo jipya sasa, sheria haikubali. Unaweza kuandika upya, utapewa tarehe mpya, siku utakayoleta. Ila nikwambie ukweli: tarehe yako ya kwanza itakuwa imepotea. Akitangulia mtu mwingine hapo katikati, hataza ni yake."

Mama alirudi nyumbani amefura. Kikapu akakitupa huko. "Baba, wale watu wezi! Wanataka nta yangu! Nikiiandika tu, kesho ng'ambo ya barabara kuna bango lingine. Heri nikae nayo mpaka nife!"

Mumewe, ulimi wake ulikuwa mzito tangu ule ugonjwa, akiongea inabidi umsubiri. Akasema, "Mke wangu. Nilipoanguka, unakumbuka nilifunga mlango?"

"Nakumbuka."

"Siku tatu sikutaka mtu anione. Hata wewe. Nimejichafua, nanuka, nimelala humo humo. Nilikuwa nalinda nini?"

Mama akakiokota kikapu, baba akaendelea.

"Nilikuwa nalinda aibu yangu, na ilikuwa inaniua. Ulipousukuma ule mlango ukaniona nilivyo, ndiyo siku niliyooshwa." Akapumzika kidogo, akameza mate. "Andika nta, mama. Yule wa ng'ambo alikuibia kwa sababu ulimwambia yeye. Hawa ndio wenye uwezo wa kukulinda, na hao ndio unaowaficha."

We! Mnasikia maneno ya mgonjwa? Sisi wazima wakati mwingine hatuna hata nusu ya akili hiyo.

Mama hakulala kwenye uamuzi. Mchana ule ule alivuta kiti, akaandika upya yote. Akaandika nta ya nyuki, inayeyushwa kiasi gani, uzi unapitishwa mara mbili, unaning'inizwa kivulini mpaka ukauke. Akaandika hata makosa yake: nta ikizidi, mkunjo unaachia. Alhamisi asubuhi na mapema alikuwa mlangoni pa ofisi kabla hata ya mlinzi. Akapewa tarehe mpya.

Fundi wa ofisi akafuata maandishi, akatengeneza pakiti kumi. Ya kwanza, chwaaa! Ya pili, chwaaa! Ya tatu wakamwita mhasibu aje aone. Ya saba karani mmoja, dada mjamzito, akaomba ajaribu yeye, tena kwa mkono wa kushoto. Kumi kwa kumi! Hakuna hata moja iliyogoma.

Ikapita miezi, maana mambo ya ofisi mnayajua, lakini mama akaitwa. Akaja na mumewe, baba kavaa koti lake la harusi, anatembelea fimbo. Mkaguzi akasimama, akampa hati mkononi, ina jina lake, ina muhuri wa serikali. Jamani, mama alipiga kigelegele mle ofisini, wakatoka watu wa vyumba vyote! Wengine wa mbali, waliosikia kelele tu, wakadhani kuna msiba, wakamkuta anacheza. Baba naye na fimbo yake anazunguka, anasema kwa ulimi wake mzito, "Mke wangu huyu! Mke wangu huyu!"

Mngedhani habari imeishia hapo. Hata mimi ningependa iishie hapo, tuimbe twende tukale. Lakini kelele zilipotulia, mkaguzi akasema, "Mama, kaa kidogo. Sasa mambo yote yameshatangazwa, naweza kukuonyesha kitu."

Akatoa faili lingine. Lilikuwa la mwanaume mmoja anayefunga majani ya chai, mji mwingine kabisa, mwisho wa nchi. Hajawahi kumwona huyu mama, wala mama hajawahi kumsikia. Ndani ya faili kuna mchoro wa pakiti ya karatasi. Ina uzi ndani ya mkunjo. Na uzi umepitishwa kwenye nta ya nyuki.

Mama mdomo ukabaki wazi. "Nani alimwambia?"

"Hakuambiwa na mtu. Alihangaika kwake kama ulivyohangaika kwako, akafika pale pale. Na aliandika kila kitu."

"Alileta lini?"

Mkaguzi akageuza faili amwonyeshe. "Jumatatu. Wewe uliandika upya ukaleta Alhamisi ya kabla yake. Siku nne tu nyuma yako, mama. Ungeikumbatia nta yako mpaka Jumanne, leo hati hii ningempa yeye. Na wewe pakiti yako ya kuuza, ya mumeo, ungekwenda kumwomba yeye ruhusa."

Ndugu zangu, mmeliona hilo? Kile alichokilinda kwa wivu wote ule, akidhani kinakaa kifuani mwake peke yake, kilikuwa kimeshajulikana kwingine! Siri haikuwa siri. Kuificha hakukumpa kitu hata kimoja, na kulikuwa kunakaribia kumnyang'anya vyote.

Sasa sisi. Ndiyo, sisi, msiangalie dari. Tunakuja hapa mbele za Mungu na maombi yetu yameandikwa vizuri. Bwana, biashara yangu. Bwana, watoto wangu. Bwana, afya yangu. Tunaandika weee, mwandiko mzuri, na tukifika kwenye lile jambo moja, kalamu inasimama. Ile chuki na dada yako tangu msiba wa mama yenu. Ile chupa iliyo nyuma ya kabati. Lile ulilofanya mwaka ule mjini ambalo hata mkeo hajui. Hapo tunasema, hili nabaki nalo mwenyewe. Halafu tunarudi nyumbani tunashangaa: mbona naomba sipokei? Mbona maisha yangu yameganda, hayafunguki? Na tunalaumu! Mchungaji hajui kuomba. Kanisa limepoa. Fundi wenu hajui kazi.

Unamficha nani, ndugu yangu? Yule unayemficha ndiye pekee mwenye uwezo wa kukulinda. Na analijua! Alilijua kabla hujalifanya. Hakuna unachomwarifu ukiungama, unampa tu nafasi ya kukuosha.

Kwa hiyo sikukuita hapa leo nikuaibishe, la hasha! Nimekuja na habari ya ushindi. Tarehe uliyoipoteza kwa kujificha imekwenda, siwezi kukudanganya kwamba itarudi. Lakini leo Mungu anatoa nyingine, bure, kwa yeyote atakayesema yote. Na atakayesema yote hatatoka hapa mikono mitupu, nawaambia kwa kinywa kipana kabisa!

Sitawaambia kila mtu amgeukie jirani yake amwambie neno, maana jirani hahusiki na hili. Kwaya, simameni, anzeni wimbo wa shangwe. Na wewe unayejijua, ambaye moyo unakudunda hapo ulipo, usisubiri Jumapili ijayo. Inuka, njoo hapa mbele, useme lile moja.