Mafiga Matatu na Uji wa Kombo

Paukwa!

"Pakawa!"

Mmebanana benchi moja, wajukuu zangu, na bado sauti ndogo hivyo? Haya. Hapo zamani za kale paliondokea mama mmoja, Mize, na mwanawe Kombo. Kombo akaugua homa, siku tatu hatii kitu kinywani. Unga wa mtama ulibaki konzi tatu tu.

Mize akakoroga uji wa konzi ya kwanza, akainjika chungu juu ya mafiga, akaenda kumkanda mtoto.

Figa la mlangoni likaona moto umezidi, likasogea nyuma, kimya. Chungu kikainama. Figa la ukutani likajiuliza, "Mbona pananilemea?" Likasogea nalo, kimya. Figa la uani likasogea, kimya. Pwaa! Uji majivuni.

"Bibi, kosa la figa la mlangoni!"

"Aa, bibi, la uani!"

Ngojeni.

Mize akainjika konzi ya pili, akaenda tena kwa mtoto. Kila figa likajiambia, "Nitakaza mimi, wenzangu hawana akili." La mlangoni likasogea ndani. La ukutani likasogea ndani. La uani likasogea ndani. Yakabanana, chungu kikayumba. Pwaa!

Mize akarudi, akakaa chini akalia. "Nani kanimwagia uji wa mwanangu?"

"Si mimi," likasema la mlangoni.

"Si mimi."

"Si mimi."

Na hakuna lililosema uongo. Hapo hata mimi huchanganyikiwa, wajukuu zangu.

Chungu kikakohoa. "Nilihisi nainama tangu mwanzo. Nikanyamaza, nikadhani mnajua."

"Tungejuaje," yakauliza mafiga, "na sisi tuko chini yako?"

Konzi ya mwisho. Kombo hana tena hata sauti ya kulia.

"Naungua," likasema la mlangoni, "nasogea kidogo."

"Nainamia mlangoni," kikasema chungu.

"Nimesikia, nami nasogea," likasema la ukutani.

"Nami," likasema la uani.

"Basi, hapo hapo. Tulieni," kikasema chungu.

Uji ukatokota. Kombo akanywa vijiko vitatu, akaomba cha nne.

"Bibi, sasa nani alikosa?"

Figa moja haliinjiki chungu, na figa moja halikimwagi. Anayesogea aseme, na anayeinama aseme. Hadithi yangu imefika ukingoni. Na wewe Zubeda uliye mwisho wa benchi, juzi uliinuka kimya, benchi likapinduka, wenzako wakaanguka wote. Leo sema kwanza.

"Bibi, nainuka."

"Tumesikia!"