Mwaka Uliobeba Jina la Lugembe

Tulieni, enyi wana wa fuawe, mrudi nami hadi enzi za mababu wa mababu, wakati miaka haikuwa na hesabu ila majina. Ndipo alipoishi Lugembe mwana wa Nyamusana, mjukuu wa Katondo mfua majembe, Lugembe Mvunja-Miamba, aliyebeba mgongoni fuawe ya jiwe, lile la kufulia chuma, ambayo vijana wa ukoo mzima walishindwa hata kuitikisa, akavuka nayo mto na kuwasha tanuri la kwanza katika bonde hili tunalojivunia.

Yeye ndiye aliyeweka sheria ya majina: mavuno yakiisha, mwaka hupewa jina la jambo kuu kuliko yote yaliyotokea ndani yake, na watoto waliozaliwa mwaka wenye jina la nuksi wasipewe moto wa tanuri unaomfanya mtu kuwa wa ukoo, bali watolewe bondeni pamoja na mama zao. Alikuwa kijana alipoitamka, hana mtoto, na machozi ya wazazi yalikuwa hayajamgusa.

Basi ukaja mwaka ambao dunia nzima ilienda mrama. Wachuuzi wa chumvi walileta habari kwamba Misri mto ulikataa kufurika, Kushi mfalme alipinduliwa na walinzi wake mwenyewe, na ng'ambo ya bahari ya mashariki mji mzima ulimezwa na ardhi watu wakiwa sokoni. Kisha majivu ya mlima usiojulikana yakaziba jua hata kwetu, mtama ukadumaa, na katika baridi hiyo Nyakwezi, binti yake Lugembe, akajifungua mtoto wa kike.

Mavuno yalipokwisha, kama yale nayo yalikuwa mavuno, wazee walikusanyika tanurini. Msemaji wao, Rubaka, akanena, "Ewe Mvunja-Miamba, mwaka huu jina lake ni Nuksi. Hatuna jingine. Tangaza."

Lugembe akawatazama akina mama waliojibanza na vichanga vyao nyuma ya mivukuto ya kupulizia moto, na moyo ukamuuma kwelikweli. Nyakwezi akasema, "Baba, sikuombei wangu peke yake. Wenzangu wakitoka, nami natoka."

Angeweza kuifuta sheria, lakini alijua kwamba mkuu akifuta sheria siku inapomfika mjukuu wake, hakuna atakayemtii tena. Akasimama.

"Sheria niliitamka mimi na haitavunjwa. Mwaka utabeba jina la jambo kuu kuliko yote. Haya, nambieni: ni jambo gani kuu kuliko mwenye nchi kuondoka asirudi?"

Rubaka ndiye aliyeelewa kwanza, na mzee mzima akaangua kilio.

Lugembe akaipandisha fuawe mgongoni, mzee kama alivyokuwa, akashika njia ya mlimani kulikokuwa na majivu mazito. Nyakwezi alimkimbilia na mtoto mikononi, akimsihi arudi. Lugembe aligeuka mara moja tu.

"Mtoto anapigwa baridi, mwanangu. Msogeze motoni."

Waliomfuata waliikuta fuawe kileleni, ingali na joto la mgongo wake, lakini Lugembe hawakumwona tena. Mwaka ule ukaitwa Mwaka wa Lugembe, na vichanga vyake vyote vikapewa moto. Kutokana na hao tumezaliwa sisi sote tulioketi hapa. Tangu hapo hakuna mwaka ulioitwa Nuksi katika bonde hili, hata ile miaka mibaya kupindukia. Na kila mtoto wetu azaliwapo hupandishwa kileleni, akalazwa juu ya jiwe lile, na neno la kwanza analolisikia kwa watu wake ni lile lile la babu yake: msogeze motoni.